MV Liemba: Meli ya vita iliyozamishwa na walioiunda, na abiria wanaosahauliwa na historia yake

Katika bandari ya Kigoma, magharibi mwa Tanzania, iko meli iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikapigana katika vita hivyo, ikazamishwa na wenyewe, ikaopolewa mara mbili, ikabadilishiwa jina, bendera na injini, na bado haijakatwa kuwa chuma chakavu. Jina lake ni MV Liemba. Mwishoni mwa mwaka 2023 Kampuni ya Huduma za Meli ya Tanzania (MSCL) ilitia saini mkataba na kampuni ya Brodosplit ya Croatia wa kuifanyia ukarabati mkubwa, ili chombo hicho chenye umri wa zaidi ya karne moja kirejee kubeba watu na mizigo katika Ziwa Tanganyika.

Katika vitabu na makala za Ulaya, Liemba hutajwa kwanza kama salio la vita vya Kaizari wa Ujerumani. Baada ya hapo hutajwa kuwa ndiyo iliyomtia hamasa mwandishi Mwingereza C. S. Forester alipotunga riwaya yake The African Queen mwaka 1935, riwaya iliyofanywa filamu mwaka 1951. Hayo yote ni kweli, na yanasimulika vizuri.

Lakini kwa Waswahili wa kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, na kwa wenzao wanaoishi katika mitaa ya Lilongwe kama Area 47, jina hilo lina uzito wa aina nyingine. Miongoni mwao wamo watu wa Uvira, Fizi, Baraka na Kalemie upande wa Kongo, na wa Rumonge na Nyanza-Lac upande wa Burundi, yaani watu waliokulia wakilitazama ziwa hilo. Katika muda usiofika miaka 20, meli hiyohiyo iliwarudisha Wakongomani kwao na kuwaokoa Warundi waliokwama ufukweni. Anayefuatilia historia yake hana budi kuzifuata safari hizo pia, wala asiishie pale mizinga iliponyamaza.

Majina matatu na mikono 170

Meli ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer Werft, mjini Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Ilipewa jina la Graf von Götzen, yaani Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Jina hilo si geni kwa wanaoijua historia ya eneo hili. Mwaka 1894, kabla hajawa gavana, Götzen alipita Rwanda na kufika mbele ya Mwami Kigeli Rwabugiri. Na ni katika utawala wake, mwaka 1905, ambapo Vita vya Maji Maji vilizuka kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania.

Meli yenye urefu wa takriban mita 70 na upana wa mita 10 haiwezi kupita juu ya nchi kavu. Kwa hiyo mafundi wa Papenburg waliiunga kwa muda tu, wakahakikisha kila kipande kinaingia mahali pake, kisha wakaifungua tena. Vipande vilipakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka huko vilisafiri kwa Reli ya Kati, ambayo mataruma yake yalikuwa yamefika Kigoma mapema mwaka 1914. Reli na meli vilipangwa kwa shabaha moja: kuyafikia maji yanayopakana na Kongo, na biashara yake.

Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa Meyer: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yameandikwa katika kila simulizi ya meli hii. Pamoja nao, pale Kigoma, walifanya kazi mafundi wa Kihindi wapatao 20 na Waafrika wapatao 150. Hao ndio waliobeba mabati ya chuma, wakayapanga, wakashika nyundo na kugongelea ribiti moja baada ya nyingine hadi chombo kikasimama. Katika simulizi za kawaida wametajwa kwa idadi tu.

Vita vilianza Agosti 1914 meli ikiwa bado haijakamilika. Tarehe 5 Februari 1915 ilishushwa majini, na katikati ya mwaka huo ikaanza kazi. Msikilizaji aliyeko Malawi anaweza kuikumbuka tarehe hiyo kwa njia nyepesi: siku mbili kabla yake, tarehe 3 Februari, Mchungaji John Chilembwe aliuawa akielekea mpaka wa Msumbiji, baada ya kuongoza uasi dhidi ya utawala wa Kiingereza. Miezi michache kabla ya uasi huo Chilembwe alikuwa ameandika barua akipinga Waafrika kuingizwa katika vita visivyowahusu. Meli iliyoshushwa Kigoma ilikuwa chombo cha vita hivyohivyo, upande wa pili wa mpaka.

Ziwa moja, bendera tatu

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa na Wajerumani mashariki, Wabelgiji magharibi na Waingereza kusini. Mwenye meli zenye nguvu ziwani aliweza kupeleka askari popote kabla ya adui kujua. Wajerumani walilifahamu hilo mapema. Agosti 1914 boti yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na tangu hapo ziwa likawa lao.

Graf von Götzen ilipoingia kazini, hakukuwa na chombo kingine ziwani cha kulinganishwa nayo. Iliweza kubeba mamia ya askari kwa safari moja, kati ya Kigoma na Kasanga, bandari ya kusini iliyoitwa Bismarckburg. Mzinga wake mkubwa, wenye mdomo wa sentimita 10.5, haukutoka Papenburg. Ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoharibiwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mabaharia wake waliing'oa mizinga yote kumi na kuitumia nchi kavu na ziwani. Mmoja wa mizinga hiyo uko hadi leo Fort Jesus, Mombasa, ambako wageni hupiga picha nao.

Waingereza walijibu kwa njia ambayo hadi leo inaonekana kama hadithi ya kubuni. Katikati ya mwaka 1915 walituma kutoka Uingereza boti mbili za mwendo wa kasi, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, zilizoitwa Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikakokotwa kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na nguvu za mamia ya watu kuvuka milima ya Mitumba, zikaelea katika mto Lualaba, na mwishowe zikafika Lukuga, jirani na mji ambao leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Graf von Götzen ilipojitokeza kuitafuta mwenzake iliyopotea, Spicer-Simson aliwakataza watu wake kuishambulia. Ilikuwa kubwa mno. Hakujua, na hakuna aliyejua upande wake, kwamba muda mfupi baadaye meli hiyo ya kuogofya ingenyang'anywa mzinga wake. Makao makuu ya jeshi la Kijerumani yaliuhitaji zaidi mzinga huo nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Katika miezi yake ya mwisho ya vita, meli ililitawala ziwa kwa sura tu.

Ndege nne za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini, zilizoletwa kwa vipande kama meli yenyewe, ziliishambulia Kigoma kwa mabomu Juni 1916. Marubani waliripoti kwamba wameipiga Graf von Götzen. Wajerumani hawakukiri madhara makubwa. Suala hilo halijaisha kubishaniwa, lakini matokeo yake hayakutegemea mabomu: jeshi la wakoloni wa Kongo, Force Publique, lililoundwa kwa askari Wakongomani walioongozwa na maofisa Wabelgiji, lilikuwa linashuka kutoka kaskazini, na reli ya Kigoma ilikuwa karibu kukatwa.

Ni vyema kukumbuka kwamba vita vya maziwa havikuanzia Tanganyika. Risasi za kwanza za majini katika eneo hili zilipigwa katika Ziwa Nyasa, ambalo Malawi hulijua kwa jina la nchi yenyewe. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya kamanda Edmund Rhoades, iliivamia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa juu ya chelezo huko Liuli, pwani ya mashariki ya ziwa. Nahodha Mjerumani, ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa amepata habari kwamba vita vimetangazwa. Gwendolen haipo tena, lakini mzinga wake mdogo umewekwa kwenye mnara wa saa mjini Mangochi, ambako mtu yeyote apitaye anaweza kuuona.

Grisi na mchanga

Julai 1916 Wajerumani wa Kigoma walipata amri ya kuondoka. Meli haikuweza kwenda popote. Ziwa halina njia ya kutokea. Desturi ya vita ilikuwa kuilipua ili adui asiipate. Badala yake waliamua kuizamisha kwa namna itakayowawezesha kuiibua tena, kwani walitumaini kwamba vita vitakwisha na wao watarudi.

Kazi hiyo walipewa watu walewale walioiunganisha. Rüter na wenzake walizipaka injini grisi nzito, kila kiungo na kila sehemu inayozunguka. Meli ilijazwa mchanga ili ishuke wima na kukaa chini bila kubiruka. Tarehe 26 Julai 1916, kusini mwa Kigoma, karibu na mlango wa mto Malagarasi, maji yakafunguliwa ndani. Ikatua katika kina cha mita 20 hivi. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Kwa nini hila hiyo ilifaulu? Kutu huhitaji vitu viwili kukutana na chuma: maji na oksijeni. Grisi haichanganyiki na maji. Ilipotandazwa juu ya chuma ikawa ngozi ya pili, na maji hayakupata njia. Mazingira nayo yalisaidia. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, na chumvi ndiyo inayokiharakisha chuma kuliwa. Meli iliyozama Mombasa au Dar es Salaam kwa muda uleule ingepatikana na hali nyingine kabisa.

Baada ya vita Wabelgiji waliiibua na kuivuta hadi Kigoma, lakini huko ikazama tena. Baadaye, kwa uamuzi wa mataifa yaliyoshinda, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza na Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Meli ilikuwa imelala kwenye maji ya upande wa Waingereza, na Machi 1924 ndio walioiopoa mara ya pili. Walipoyaondoa matope wakakuta injini za mvuke zinaweza kutumika bila kubadilishwa. Ilikuwa imepita karibu miaka minane tangu Rüter azipake grisi.

Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina jipya: Liemba. Jina hilo halikutungwa ofisini. Ndilo ambalo wenyeji wa kusini mwa ziwa walilitumia kuliita ziwa lao, na David Livingstone alilisikia na kuliandika alipofika huko mwaka 1867. Kwa hiyo chombo kilichokuja na jina la gavana wa Kijerumani, kikatwaliwa na Waingereza, kilipata mwishowe jina la Kiafrika. Pengine hilo ndilo jambo moja la busara lililofanywa na wakoloni katika mkasa huu wote.

Miaka mingi ya kazi ya kawaida

Kutoka hapo historia hupungua kelele, na ndiyo maana waandishi wengi huiruka. Liemba ilibeba abiria, mahindi, sukari, saruji, nanasi na magunia ya dagaa. Ilipita Kigoma, Ikola, Kipili na Kasanga hadi Mpulungu nchini Zambia. Katika vijiji vingi vya njiani hakuna gati. Meli husimama mbali kidogo na nchi, ikapiga honi, na mitumbwi na boti za mbao huijia mbio. Abiria hupanda na kushuka kupitia mlango ulio ubavuni mwa meli, mizigo ikirushwa, watoto wakipokezanwa mkono kwa mkono, mara nyingi usiku wa manane.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na mahali pake zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993 ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark, ikapata injini nyingine na uwezo wa kubeba abiria 600 na tani 200 za mizigo. Kwa maneno mengine, injini zilizookolewa kwa grisi hazimo tena ndani ya meli. Mzinga haumo. Jina la kwanza halimo. Kilichobaki cha Papenburg ni bodi yenyewe: mabati yaliyofungwa kwa ribiti, kama zilivyofungwa meli zote kabla kulehemu hakujashika nafasi.

Zaire, 1997

Oktoba 1996 vita vilizuka mashariki mwa Zaire. Uvira ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuanguka, na watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa makumi ya maelfu, kwa boti za mbao, kwa mitumbwi, kwa chochote kilichoelea. Walipokelewa mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao, na hadi leo ina watu waliozaliwa humo na kuzaa humo.

Mei 1997 Mobutu Sese Seko aliondoka madarakani. Wengi waliamini kwamba sasa kurudi kunawezekana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikodi meli mbili, Liemba na Mwongozo, na katika muda wa miezi mitano zikawarudisha kwao watu zaidi ya 75,000. Liemba pekee ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira.

Idadi hiyo inastahili kutuliwa kidogo. Katika vita vyake vyote vya 1915 na 1916, Graf von Götzen haikubeba watu wanaokaribia hesabu hiyo. Kazi kubwa kuliko zote ambayo meli hii iliwahi kuifanya kwa muda mmoja ilikuwa kurudisha familia nyumbani. Kwamba mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita vya pili vilianza na baadhi ya familia hizo zikavuka maji kwa mara nyingine, hilo si kosa la meli. Ni katika vita hivyo na vilivyofuata ambapo njia ya ukimbizi ilirefuka, ikapita Kigoma, Mbeya na mpaka wa Songwe hadi Karonga, na kuishia Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika majengo yaliyokuwa gereza.

Kagunga, 2015

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitangazwa kuwa mgombea wa muhula wa tatu. Maandamano yakazuka Bujumbura, na katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu wakawa wamevuka mpaka na kufika Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania.

Kagunga ni mahali ambapo ramani haidanganyi. Mbele ni ziwa. Nyuma ni mlima unaopanda moja kwa moja kutoka mchangani, na hakukuwa na barabara ya gari ya kuwatoa watu wengi hivyo. Ufuo ambao uliwatosha wavuvi ukajaa watu waliolala bega kwa bega, wakinywa maji ya ziwa na kujisaidia pembeni yake. Kipindupindu kikaingia. Hadi kilipodhibitiwa mwezi wa tano, watu takriban 30 walikuwa wamekufa, karibu wote wakiwa wakimbizi.

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, maji, na meli kubwa iliyokuwa karibu ilikuwa Liemba. Kwa kuwa Kagunga haina gati, utaratibu ulikuwa uleule wa vijijini: meli ikasimama mbali, watu wakapelekwa kwa boti ndogo, wakapanda kwa mlango wa ubavuni. Ilibeba watu takriban 600 kila safari. Upakiaji ulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, ambayo ilikuwa ya saa tatu hivi hadi Kigoma. Huko walipokelewa katika uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika, wakapimwa, wakaandikwa, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu.

Mlango ule wa ubavuni na desturi ile ya kupakia watu bila gati, vitu vilivyodharauliwa na wasafiri wa kitalii kama kero ya meli ya zamani, ndivyo vilivyoifanya Liemba ifae siku ile. Meli mpya iliyojengwa kwa ajili ya gati ingesimama pale na kutazama.

Ni kipi kinachokarabatiwa?

Miaka michache baada ya Kagunga meli iliacha safari kutokana na uchakavu, na ndipo mipango ya ukarabati wa sasa ilipoanza. Anayekarabati chombo cha kale cha vita hulazimika kuchagua. Anaweza kukirudisha katika sura ya siku yake ya kwanza, na rangi na mizinga ya mfano, kikawa makumbusho. Au anaweza kukifanya kifae kazi, akakubali kwamba kila bati jipya linakitenga zaidi na asili yake. Wapenzi wa historia huumia kwa njia ya pili. Lakini Liemba imedumu kwa sababu ya njia hiyo. Waingereza hawakuiopoa ili waiheshimu, na Wadenmark hawakuitia injini ili kumkumbuka Götzen. Kila mmoja alihitaji meli.

Mfano wa upande wa pili uko Malawi kwenyewe. Chauncy Maples iliundwa Glasgow mwaka 1899 kwa ajili ya wamisionari, ikaletwa kwa vipande 3,481, na dungu lake la mvuke likakokotwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Ilishushwa ziwani mwaka 1901. Katika vita vya 1914 ilibeba askari, kisha ikarejea kuwa meli ya misheni, na baada ya uhuru ikawa ya abiria. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kuigeuza zahanati inayoelea kwa ajili ya vijiji vya pwani, na ikapandishwa kwenye chelezo huko Monkey Bay. Mpango haukufika mwisho. Ina umri mkubwa kuliko Liemba, na hadithi yake si ndogo. Iliyokosekana ni fedha ya kuikamilisha.

Kwa Liemba bado lipo swali la namna itakavyosimuliwa itakaporudi. Mambo ya 1915 yana kumbukumbu nyingi: michoro ya Papenburg, shajara za maofisa, picha, vitabu katika lugha tatu za Ulaya. Safari 22 za 1997 na zile za Kagunga zina takwimu za mashirika na picha za wapiga picha wa habari, na zaidi ya hapo zimo vichwani mwa waliosafiri. Baadhi yao wangali Nyarugusu. Wengine wako Uvira, Bujumbura, na kwingineko walikopelekwa na mipango ya kuhamishiwa nchi za tatu. Wapo pia ambao leo jirani zao ni Wachewa, na watoto wao wanajua neno Dzaleka kabla ya kulijua neno Tanganyika. Aliyekuwa na miaka sita kwenye sitaha ya Liemba mwaka 1997 sasa ana zaidi ya 30. Anaweza kuwa anakumbuka harufu ya dizeli, au rangi ya kamba, au mkono uliomvuta kutoka katika boti ndogo kupitia mlango wa ubavuni. Majina ya Waafrika 150 wa mwaka 1915 hayawezi kupatikana tena kwa kuuliza. Ya abiria hao bado yanaweza.

Katika ukarabati wa meli ya umri huu, hatua ya awali ni kupima unene wa bodi, bati baada ya bati, kwa kifaa kinachopeleka sauti ndani ya chuma na kusikiliza mwangwi wake. Bati lililoliwa kupita kiasi hukatwa na kutupwa. Lililo zima hubaki, na ribiti zilizogongwa Kigoma kabla ya Februari 1915 hubaki pamoja nalo.